Kinyama kwenye chupa ya maji: niliyoyaongea Dodoma kuhusu kansa ya utumbo mpana

Watu wengi mliokuwepo ukumbini mmeniomba niyaandike maana kelele za feni zilikuwa nyingi na waliokaa nyuma hawakusikia vizuri. Nimeandika kama nilivyoongea, sijapanga upya.

Mbukwenyi ndugu zangu! Asanteni. Naona wa Kondoa mmetoka alfajiri, wa Kongwa na Mpwapwa mmelala mjini, Bahi, Chamwino, Chemba wote mpo, na joto la leo tunalijua wote, kwa hiyo itifaki tuiruke. Wauguzi, matabibu, watu wa maabara, na wale ndugu wa wagonjwa mlioalikwa mkakaa pale pembeni, nyie ndo nimewaandalia hasa.

Mi kazi yangu ni maabara ya histolojia. Ile nyama anayokatwa mgonjwa, iwe kipande kidogo kama punje ya mtama kilichochukuliwa kwa kamera inayoingizwa ndani ya utumbo au utumbo mzima uliotolewa theta, inakuja mezani kwangu kabla haijafika kwenye hadubini ya daktari bingwa wa patholojia. Wagonjwa wenyewe siwaoni kabisa. Naona majina yao kwenye lebo, na kuna siku hata lebo haipo.

Nianze na mama yangu mdogo, maana bila yeye nisingekuwa hapa. Alikuwa anaishi Kongwa, analima mtama na alizeti, mama mwenye nguvu zake. Akaanza kupata choo chenye damu. Kwanza ikasemwa bawasiri, jirani akamletea mizizi akachemsha akanywa. Alafu ikasemwa amiba, akameza vidonge mpaka mdomo ukawa mchungu. Alafu minyoo. Ikapita kama mwaka na nusu hivi, akaanza kupungua, damu ikamwishia, akawa akitoka na ndoo bombani anasimama mara tatu njiani kupumua, mwanamke ambaye zamani alikuwa anabeba gunia. Siku moja tumbo likajaa, choo hakitoki, hata hewa haitoki, akakimbizwa usiku akapasuliwa kwa dharura. Daktari aliyempasua alifanya kazi nzuri sana na namwombea mema mpaka leo, alitoa ule uvimbe na kipande cha utumbo, mama mdogo akaamka.

Sasa kile kipande. Kiliwekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo, kikamwagiwa maji ya dripu, ikafungwa kwa plasta, sisi ndugu tukakabidhiwa, haya pelekeni kikapimwe. Hela ya kipimo haikuwepo. Tukakaa nacho siku nne, ndugu zangu, siku nne, chupa iko chini ya kitanda cha mjomba, mwezi wa 11, na mnajua mwezi wa 11 huku kwetu kabla mvua hazijaanza ukoje. Kilipofika maabara jibu lilirudi mstari mmoja, kwamba tishu imeharibika haisomeki. Mama mdogo aliishi miezi tisa baada ya hapo. Bibi yangu alikuwa na swali moja tu alilolirudia kila tukikaa, hivi huyu alikuwa ni wa kupona au hakuwa wa kupona? Bibi kaingia kaburini hajajibiwa. Jibu lilikuwa kwenye ile chupa likaoza.

Nataka niwaeleze ile nyama ingeweza kusema nini, maana naona wengi tunaamini kazi ya kupima kinyama ni kuambiwa tu ni kansa au siyo kansa, basi. Hiyo ni sentensi ya kwanza tu.

Kwanza jueni ukubwa wa jambo. Kwa hesabu za dunia za mwaka 2022, waliogundulika na kansa ya utumbo mpana na puru, ile sehemu yake ya mwisho, walizidi milioni 1.9 na waliokufa walizidi laki 9. Kwa vifo inashika nafasi ya pili kati ya kansa zote. Kwahiyo habari kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu tuiache.

Alafu kitu kinachotabiri zaidi mgonjwa atafika wapi mpaka leo ni hatua ya ugonjwa. Uvimbe umechimba ukuta wa utumbo kiasi gani, umeingia kwenye mitoki, yaani tezi ndogo za kinga, mingapi, umefika ini au mapafu. Marekani, ambako wanaweka kumbukumbu vizuri, mgonjwa ambaye kansa haijatoka kwenye utumbo, takriban 90 kati ya 100 wanakuwa hai baada ya miaka 5, na ikishasambaa mbali wanabaki kama 15. Ndo maana mnapoleta utumbo tunakaa tunatafuta mitoki mmoja mmoja kwenye mafuta yake, angalau 12, kwa kidole na kisu, inaweza kula asubuhi nzima. Ukileta utumbo umekatwa karibu mno na uvimbe, mafuta yameachwa tumboni, hiyo mitoki 12 tutaitoa wapi?

Lakini mnawajua wagonjwa wawili wenye hatua ileile, umri uleule, wamepasuliwa wiki moja, mmoja miaka kumi baadae anacheza na wajukuu, mwingine mwaka wa pili tumemzika. Hapo ndo protini zinaingia.

Niwaeleze tunavyofanya. Nyama ikishakaa vizuri kwenye fomalini, ile dawa ya kuizuia isioze, tunaikausha maji, tunaizamisha kwenye nta ya moto, inapoa inakuwa bloku kama kipande kidogo cha sabuni. Tunaikata kwa mashine, unene wa maikroni 4, yaani sehemu 4 za elfu za milimita, ukipuliza inapaa, tunailaza juu ya maji ya uvuguvugu alafu tunaiokota na slaidi. Alafu tunaweka kingamwili. Kingamwili ni kama mbwa wa polisi, kafundishwa harufu ya protini moja tu, anaipita tishu nzima mpaka anaipata anaing'ang'ania. Kisha tunaweka kemikali inayogeuka rangi ya kahawia pale alipong'ang'ania, na kwingine tunapaka bluu. Daktari akiangalia, kahawia maana yake protini ipo, bluu tupu maana yake haipo. Kipimo kinaitwa imunohistokemia, jina refu lakini kazi yake ndo hiyo.

Kwa kansa ya utumbo mpana protini nne ndo mama wa zote kwa maoni yangu. MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Hizi kazi yake ni kurekebisha makosa ya kunakili. Seli ikigawanyika inanakili maandishi yake yote ya urithi, na makosa lazima yatokee. Si mnajua pale Bungeni kuna watu wanakaa kuipitia hansadi, mheshimiwa kasema hivi, aliyeandika kaandika vile, wanasahihisha kabla haijatoka? Hizi protini nne ndo wasahihishaji. Na zinafanya kazi wawili wawili, MLH1 na mwenzake PMS2, MSH2 na mwenzake MSH6. MLH1 ikipotea PMS2 nayo inapotea kwasababu haiwezi kusimama peke yake, na MSH2 ikipotea MSH6 inaifuata. Sasa wasahihishaji wakitoweka, makosa yanajazana kwa maelfu, na seli inageuka kansa.

Hapa ndo penyewe, nisikilizeni vizuri. Kama 15 kati ya 100 za kansa hizi ndo ziko hivyo, zimepoteza wasahihishaji. Mtu angefikiri hizo zenye makosa mengi ndo mbaya zaidi. Kumbe kwenye hatua ya pili, yaani uvimbe umechimba ukuta ila haujaingia kwenye mitoki, ni kinyume, wagonjwa hao wanaenda vizuri kuliko wenzao. Makosa mengi yanafanya seli zitengeneze protini za ajabu ajabu, na askari wa mwili wanaziona kama mgeni wa kijijini anavyoonekana, wanajazana kwenye uvimbe wanapigana. Ukiangalia slaidi unawaona kabisa, wamejipanga. Na ukijua hilo, kwenye hatua ya pili kemo, yaani dawa kali za kuua kansa, ile ya fluorourasili peke yake hawa haiwasaidii, kwahiyo daktari anaweza kumwepusha mgonjwa na miezi sita ya kutapika, vidonda mdomoni na nauli za kwenda na kurudi Dar, kwa kuangalia slaidi nne tu! Hili huwa linanigusa sana. Tunazoea kuona vipimo kama njia ya kumwongezea mgonjwa dawa, kumbe kuna vinavyomwondolea.

Na upande wa pili, kama ugonjwa umeshasambaa, wenye alama hiyo ni wachache zaidi, kama 4 au 5 kati ya 100, ila ndo wanaofaidika na dawa za kuamsha kinga. Mojawapo, pembrolizumabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2017 kwa uvimbe wa aina hii popote ulipo mwilini. Mwaka 2022 hospitali moja ya New York ilitoa matokeo ya wagonjwa 12 wa mwanzo wenye kansa ya puru ya aina hii, iliyokuwa haijasambaa mbali, walipewa dostarlimabu, dawa nyingine ya kuamsha kinga, miezi 6, na wote 12 uvimbe haukuonekana tena, bila kupasuliwa wala mionzi. Najua mnachowaza, bei. Ni kweli hizi dawa bei yake kwa mtu wa huku ni mlima. Ila mimi sikubali kwamba kwa kuwa dawa ni ghali basi hata kujua tusijue. Bei za dawa huwa zinashuka, tuliona za ukimwi, na siku zikishuka bloku ya mgonjwa wako itakuwa bado iko kabatini inasubiri. Bloku iliyotengenezwa vizuri inakaa miaka na miaka.

Sasa nirudi nyumbani. Baada ya miaka 12 tangu mama mdogo afariki, mtoto wake wa kwanza, kaka yangu, ana miaka 39, ananipigia simu usiku ananiambia mdogo wangu naona damu. Ameniruhusu niyaseme haya. Sikusubiri bawasiri wala amiba, kesho yake tulikuwa hospitali, wiki ile ile akapigwa kamera, kinyama kikachukuliwa na nilisimama pale mpaka nikaona kimezama kwenye fomalini, nikaandika saa. Akapasuliwa, bloku ikapelekwa Dar kwa zile protini nne. MLH1 ipo, PMS2 ipo. MSH2 haipo. MSH6 haipo.

Wenzangu wa maabara mmeshaelewa. MSH2 na mwenzake zikipotea namna hiyo, hasa kwa kijana, unafikiria moja kwa moja urithi, ugonjwa unaoitwa wa Lynch. Kipimo cha jeni cha damu ndo kinathibitisha, ila hizi protini ndo zinapiga kengele. Takriban 3 kati ya 100 za kansa za utumbo mpana zinatokana nao, na kila mtoto wa mwenye jeni hiyo ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Na siyo utumbo tu, wanawake wanapata na kansa ya mji wa mimba.

Hii habari ina mama mmoja mshonaji nguo wa Michigan, Marekani. Mwaka 1895 alimwambia daktari wa patholojia, Aldred Warthin, kwamba na yeye atakufa mapema kwa kansa ya tumbo au ya kizazi, kwasababu kwao wote wanakufa hivyo. Na kweli akafa kwa kansa ya mji wa mimba. Warthin hakuyapuuza, akaufuatilia ukoo mzima akachapisha mwaka 1913. Daktari Henry Lynch akaja kuendeleza miaka ya 1960, na majina ya jeni zenyewe yakajulikana miaka ya 1990. Yaani karne nzima, na ilianza na mama mshonaji aliyewajua ndugu zake wamekufa na nini. Nyie mnaoandika historia ya mgonjwa, mkimuuliza "kwenu kuna mtu amewahi kuumwa hivi?" msiulize mkiwa mmeangalia saa. Huku kwetu watu watakwambia alirogwa, tumbo lilijaa. Hilo tumbo lililojaa liandike.

Kuna tofauti moja muhimu, MLH1 ikipotea kwa mzee wa miaka 70 mara nyingi siyo urithi, ni jeni imezimwa tu uzeeni. Hapo tunapima BRAF, protini nyingine. Ikiwa na badiliko linaloitwa V600E basi karibu hakika siyo ya kurithi, na familia inapumua. Ila hiyohiyo BRAF kwa mgonjwa ambaye kansa imesambaa na wasahihishaji wake wapo, ni habari mbaya, huyo anahitaji matibabu makali mapema. Protini moja, maana mbili, inategemea imekaa na nani.

Mtasoma mitandaoni protini nyingi, kila wiki inatoka mpya, p53, Ki-67 na kadhalika. Mi nawaomba msikimbilie. Hizo mbili zimechunguzwa miaka mingi, huyu anasema zinatabiri, yule anasema hazitabiri, na mpaka leo hakuna anayepanga matibabu ya kansa ya utumbo kwa kuziangalia peke yake. Inayonivutia mimi ni CDX2, ambayo seli ya utumbo ya kawaida lazima iwe nayo, ni kama kitambulisho chake. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha kwamba uvimbe uliokipoteza, takriban 4 kati ya 100, unaenda vibaya, ila wale wa hatua ya pili waliopewa kemo walifanya vizuri zaidi kuliko wasiopewa. Na kuna kundi la Paris lililoanza mwaka 2006 kuhesabu askari wenyewe wa mwili, kwa alama zao za CD3 na CD8, katikati ya uvimbe na pembezoni, wakakuta wingi wa askari unatabiri vizuri sana. Hayo yakifika kwetu kwa bei ya kawaida tutafurahi. Tuanze na zile nne.

Na CEA siyo habari hii. CEA ni protini inayopimwa kwenye damu, iligunduliwa Montreal mwaka 1965, inafaa kumfuatilia mtu aliyekwisha kupasuliwa. Haifai kutafuta kansa kwa mtu asiye na dalili, mtu anaweza kuwa na kansa na CEA iko chini. Msiwauzie watu hicho kipimo kwenye kambi za afya.

Sasa kwanini ile chupa ya mama mdogo inaniuma mpaka leo. Kwenye slaidi ya zile protini nne tunatafuta KUKOSEKANA kwa rangi. Lazima seli za kawaida za pembeni ziwe kahawia, ndo tukiona za kansa ni bluu tupu tuseme kweli protini haipo. Nyama ikioza, hata seli za kawaida zinakataa rangi. Unaangalia slaidi yote bluu, hujui ni kansa imepoteza protini au ni joto la Dodoma limekula protini. Daktari mwaminifu anaandika haisomeki. Asiye makini anaweza akaandika imepotea, familia nzima ikaishi na hofu ya urithi usiokuwepo.

Kaka yangu alikuwa hatua ya pili. Kwa sababu ya zile slaidi hakupewa kemo. Huu ni mwaka wa tano, ana zabibu zake Hombolo, yuko vizuri. Wadogo zake watatu wamepigwa kamera, mmoja akakutwa na kiuvimbe cha mwanzo kabisa kikatolewa hapohapo, na wanarudi kila mwaka mmoja au miwili. Ila nikikaa nahesabu, tungeyajua haya miaka 12 nyuma. MSH2 ilikuwa imekosekana mle mle kwenye chupa ya lita moja na nusu, naamini hivyo kwa moyo wangu wote, na kaka angeanza kupigwa kamera akiwa na miaka 27.

Haya, kazi yenyewe. Fomalini ya asilimia 10 iliyotulizwa asidi. Ile kali inayokuja kwenye dumu siyo hiyo, inachanganywa kipimo kimoja kwa vipimo tisa. Iwe mara 10 ya ujazo wa nyama, nyama iogelee, siyo ilowe. Inapenya milimita moja tu kwa saa, kwahiyo utumbo mzima lazima upasuliwe kwa urefu uoshwe kinyesi, la sivyo nje imeiva ndani imeoza, kama muhogo uliochomwa kwa moto mkali. Ikae isipungue saa 6 na isizidi saa 72. Chombo kiwe na mdomo mpana, maana nyama ikishaiva inakuwa ngumu haitoki kwenye shingo nyembamba, nimevunja chupa mara nyingi. Na usimkabidhi ndugu aende nayo nyumbani kutafuta hela! Hela itafutwe nyama ikiwa tayari ndani ya fomalini.

Dada mmoja muuguzi wa Chemba aliuliza swali zuri, fomalini ikiwa imeisha na mgonjwa yuko mezani? Nikamjibu funga nyama kwa gozi iliyoloweshwa maji ya dripu, weka kwenye friji ya kawaida, siyo friza, friza inapasua seli, na iondoke siku hiyohiyo, na huku unapiga simu maabara tukuletee fomalini hata kwa bodaboda. Mzee mmoja wa pembeni, mkewe alipasuliwa mwaka juzi, akauliza kama sasa hivi anaweza kudai bloku ya mke wake ikapimwe. Nikamwambia baba, unaweza, nenda alipopasuliwa na namba ya ripoti, omba bloku, ni haki yenu. Akatoa ripoti mfukoni, imekunjwa mara nne. Alikuwa anatembea nayo.

Pale mlangoni kuna maboksi mawili ya vyombo vya mdomo mpana, vimeshatiwa fomalini na vina lebo. Kila kituo kichukue kumi. Kwenye lebo nimeongeza mstari mmoja, "saa nyama ilipotoka mwilini". Mkirudi na kinyama cha kwanza nitaangalia huo mstari kabla ya jina.